Nafasi ya Tatu Iliyoifikisha Yordani Fainali

Tangu Kombe la Asia lilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 24 mwaka 2019, wapo wapenzi wa soka wanaoshikilia kwamba mashindano hayo yamepoteza makali, na hoja yao si ya kubezwa. Katika fainali zilizochezwa Qatar mwanzoni mwa 2024, mechi 36 za makundi zilitumika kuziondoa timu 8 tu, kwa kuwa timu nne bora miongoni mwa zile zilizoshika nafasi ya tatu nazo zilifuzu hatua ya mtoano. India iliondoka bila pointi na bila bao. Hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi, na shahidi wangu mkubwa ni Yordani.

Yordani ilimaliza ya tatu katika kundi lake kwa pointi 4, nyuma ya Bahrain na Korea Kusini. Kwa utaratibu wa zamani, ambapo timu mbili za juu tu ndizo zilizosonga mbele, safari yao ingeishia hapo. Badala yake waliikuta Iraq katika 16 bora, wakawa nyuma kwa mabao 2-1 hadi dakika 90 zilipotimia, kisha wakafunga mara mbili katika dakika za majeruhi dhidi ya Iraq iliyobaki na wachezaji kumi, wakashinda 3-2. Wakaitoa Tajikistan 1-0 katika robo fainali. Februari 6, katika nusu fainali, walikutana tena na Korea Kusini ya Son Heung-min, ambayo walikuwa wametoka nayo sare ya 2-2 kwenye makundi, na safari hii wakaichapa 2-0 kwa mabao ya Yazan Al-Naimat na Mousa Al-Tamari. Anayeiita ile bahati akumbuke kwamba Wakorea hawakupiga hata shuti moja lililolenga lango. Qatar iliwafunga 3-1 kwenye fainali, mabao yote matatu yakiwa ya penalti za Akram Afif.

Palestina nayo ilipitia mlango huohuo wa nafasi ya tatu. Haikuwa imewahi kushinda mechi hata moja ya Kombe la Asia. Iliifunga Hong Kong 3-0 huku vita vikiendelea Gaza. Sioni ni kwa mizani gani mtu anaweza kusema kwamba usiku ule ulipunguza thamani ya mashindano. Tajikistan, iliyoshiriki kwa mara ya kwanza, iliitoa Falme za Kiarabu kwa mikwaju ya penalti, ilhali China, iliyowahi kucheza fainali mara mbili, ilirudi nyumbani bila kufunga bao.

Kasoro ninayoikubali ni ile ya kusubiri. Indonesia ilimaliza mechi zake ikiwa na pointi 3, ikalazimika kungoja hadi kesho yake, Oman ilipotoka sare ya 1-1 na Kirgizstan, ndipo ikajua kwamba imefuzu. Hilo linahitaji kurekebishwa katika ratiba, wala si sababu ya kuzirudisha timu nane nyumbani kabla ya mashindano kuanza.

Juni 2025, Yordani iliifunga Oman 3-0 mjini Muscat na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake.