Kruazieri ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alitua kutoka Brussels na valizi tatu na wazo moja: lazima tufanye kruazieri. Wiki nzima, kisiwa hadi kisiwa, kulala majini, kula meza moja na kapteni. Huko Ulaya aliwaona kwenye televisheni watu wakizunguka visiwa vya Karibi, glasi mkononi. Akauliza, mtoto wa Kivu akanunue joto la wenzake kwa nini, na kwao Kongo kuna Ziwa Kivu, kilomita za mraba 2,700, lisilo na mamba wala kiboko?

Hakuna aliyembishia. Mlipaji alikuwa yeye.

Ni enzi zile watalii walikuwa bado wanapanda volkano ya Nyiragongo, na mwenye boti tuliyempata alikuwa amezoea wazungu. Alitupa programu iliyopigwa kwa kompyuta: visiwa vya Tchegera, Idjwi na Ibinja, halafu mji wa Bukavu. Vyumba vya kulala vipo, iliandikwa. Tulipofika ufukweni Goma asubuhi, tukavikuta kweli: magodoro mawili na kitenge katikati. Sehemu iliyobaki ilijaa mifuko ya saruji, na juu ya saruji amesimama mbuzi.

"Saruji ya nini kwenye kruazieri?" Shemeji akauliza.

"Ya kutuliza boti, Papa. Mawimbi yakianza mtanishukuru."

"Na mbuzi?"

"Huyo ameshalipa."

Tchegera tuliipita. Ni kisiwa kidogo, ukingo wa kreta ya volkano uliochomoza majini, umepinda kama mwezi mchanga, na hifadhi ya Virunga ilikuwa na mahema ya wageni pale. Shemeji akaanza kutafuta viatu. Kapteni akamweleza kwa upole kwamba kushuka kunalipiwa hifadhi, na yeye kwenye programu aliandika Tchegera, hakuandika kushuka.

Mchana kapteni akatoa sigara. Shemeji akaruka. Alikuwa amesoma kwamba chini ya Kivu kumelala gesi ya methani, nyingi hata Rwanda wanaifanyia umeme.

"Papa," kapteni akamjibu, "gesi iko mita mia tatu chini. Sigara yangu iko hapa juu." Akawasha. Shemeji alifunga jileti ya kuogelea mpaka kidevuni na hakusema neno kwa muda mrefu, jambo ambalo mimi nililifurahia kuliko milima.

Giza lilipoingia, injini ikakohoa, ikanyamaza. Kapteni akachota mafuta kidogo, akayamimina kwenye chupa tupu ya soda, akainua mbele ya tochi. Hata mimi niliona mstari: juu mafuta, chini maji safi kabisa. Alikuwa ameyanunua kwa kadhafi, wale vijana wa kuuza mafuta kwa vidumu kando ya barabara.

"Wameyabatiza," akasema.

Hakukuwa na mwezi. Ghafla mbele yetu zikatokea taa, zimepangwa juu ya maji, na nyimbo zinakuja na upepo. Shemeji akainuka. Programu ilisema usiku wa kwanza kuna chakula na muziki! Nikamwambia, "Shemeji, ile si hoteli." Hakunisikia, alishapotelea nyuma ya kitenge. Akatoka na suti ya rangi ya krimu, kravati, jileti juu ya suti, na manukato yaliyomfanya mbuzi apige chafya.

Taa zikakaribia. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, katikati wavu, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaimba ili wasisinzie.

Boti letu na saruji yake hawakuweza kulivuta, na kazi ya usiku ule hawakuwa tayari kuiacha. Wakatuchukua sisi wawili na valizi. Kapteni alibaki na mbuzi wake kungoja mafuta. Shemeji wakamkalisha juu ya beseni lililopinduliwa, na kila wavu ulipopanda, sambaza walimwagwa miguuni pake, wanaruka, wengine wanamwingia mifukoni. Mmoja aliingia kwenye mkono wa koti na tukamsahau.

Alfajiri tukafika Idjwi. Wanawake walikuwa wameshajipanga ufukweni na mabeseni. Wakatazama: vijana wamelowa, mimi natetemeka, na bwana mmoja mwenye kravati ameketi katikati ya samaki. Wangemsalimu nani mwingine?

"Papa patron! Beseni ni ngapi? Na matabishi utuwekee, ile nyongeza ya bure!"

Nikafungua mdomo niwaeleze. Shemeji akanizuia kwa mkono. Akavua koti, akakunja mikono ya shati. Akamchukua sambaza mmoja kwa vidole viwili, akamtazama jicho, akamnusa, akamweka. Akaagiza majani ya migomba, akapanga wakubwa juu, wadogo chini. Halafu ikamtoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia mezani kwetu: "Mama, njoo hapa kwa wabichi! Wa jana nenda kwa jirani!" Anapima, anapokea franka, anarudisha chenji bila kuangalia, anamwekea huyu matabishi, anamnyima yule kwa kicheko. Jua halijapanda vizuri, beseni zote tupu. Mkubwa wa wavuvi alikuwa amekaa kando na kikombe cha chai, mikono haina kazi.

Nyumbani kwetu, picha ya Shemeji iko sebuleni, na wageni wote huambiwa ni mkurugenzi Brussels.

"Shemeji," nikamuuliza polepole, "mkurugenzi wa nini?"

Akajifuta magamba kwenye kravati. "Dada yangu asijue," akasema, akimaanisha mke wangu.

Kapteni alitukuta siku zilizofuata, mafuta mapya, programu mkononi imekunjamana, anaomba msamaha. Sasa twende Ibinja, akasema, ufukwe mzuri, kuogelea, kupumzika. Shemeji alikuwa anahesabu mabeseni. Hakuinua kichwa.

"Ibinja soko ni siku gani?"