Aliyesoma Umeme Naye Ana Diploma

Wiki iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenda kujiandikisha katika kitivo cha uhandisi cha chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi, ambacho sitakitaja. Karani aliipokea buletini yake ya mwaka wa mwisho, akaliona neno "Umeme", akairudisha mezani bila hata kutazama alama. "Papa," akaniambia, "huyu ametoka ufundi. Hapa tunachukua watu wa Math-Physique." Yaani waliosoma tawi la hisabati na fizikia sekondari.

Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo, ipo tangu 1967, na anayefikisha 50% hupewa diploma ya Serikali, awe amesoma Kilatini, ualimu, ushonaji au mekanika. Mtoto wa ufundi huketi siku zile zile nne, na kabla ya hapo amekwisha kusimama mbele ya jury, jopo la watahini, kuonyesha kazi ya mikono yake, jambo ambalo wale wa Math-Physique hawaombwi. Akifika mlangoni mwa chuo, ile kazi ya ziada inageuka kuwa upungufu! Ni kama kumnyima mtu chakula kwa sababu ndiye aliyekipika.

Nakubali, shingo upande, kwamba hesabu za mpwa wangu ni haba. Saa ambazo wenzake walihangaika na integrali, yeye alikuwa atelieni, kwenye karakana ya shule, akingoja zamu yake kwenye kipimo cha volti kilichokuwa kimoja tu kwa darasa zima, na siku umeme ulipokatika mwalimu alichora mota ubaoni kwa chaki. Lakini pengo la hesabu hupimwa kwa mtihani wa kuingia na huzibwa kwa mwaka wa maandalizi. Halipimwi kwa jina la tawi alilosoma mtu. Kama ni kushindwa, ashindwe akiwa mbele ya karatasi, nami nitamrudisha nyumbani Katuba bila kulalamika. (Haya, nitalalamika kidogo.)

Wale wa mzunguko mfupi, yaani masomo mafupi ya ufundi, ambao hawafiki kabisa kwenye Exetat, wana kisa chao, kichungu zaidi. Na huu ndio mkoa wa migodi, unaohitaji mafundi!

Karani alipokuwa akinieleza "utaratibu", mpwa wangu alikaa kimya, macho yakiwa juu ya kichwa cha bwana huyo, ambako soketi ilining'inia kwa nyaya mbili zilizofungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Tulipotoka nilimuuliza alikuwa akiwaza nini.

"Mjomba," akasema, "ile soketi haina waya wa ardhini. Siku moja itampiga mtu shoti."