Azikwe Isevya au arudishwe Buhigwe?

Jirani yangu wa Isevya, hapa Tabora, alikuja mjini akiwa kijana, akafanya kazi reli mpaka akastaafu. Kwao ni Buhigwe, mkoani Kigoma. Mkewe, Mnyamwezi wa hapa hapa, alimtangulia kwa miaka kumi na moja, akazikwa makaburi ya mjini, na mzee akaacha nafasi ya kaburi moja ubavuni pake. Kila Jumamosi tulimwona akitoka na fyekeo na kidumu cha maji ya kumwagilia maua aliyoyapanda pembeni mwa saruji.

Alipofariki mwaka jana, ndugu zake walifika usiku, wakajifungia na watoto chumbani, na asubuhi tukatangaziwa kwamba mzee anasafirishwa. Mama mmoja wa mtaani akauliza, “Na kaburi la mama je?” Mdogo wake marehemu akamjibu kwa upole, “Mama, huyu ni mtoto wa kwetu. Tukimwacha huku, wazazi wake waliolala kule tutawaambia nini?”

Mimi ndiye niliyeshika daftari la michango. Dawa ya mochwari, sanduku, gari, mafuta, chakula cha njiani: zaidi ya nusu ya tulichochanga iliishia barabarani. Lakini fedha si jambo la kwanza linalonisumbua. Linalonisumbua ni kwamba yule mama na yule ndugu wote walikuwa wanamtetea marehemu, na kila mmoja alikuwa na haki.

Kwa majirani zetu Waislamu, ambao Tabora na Ujiji ni wengi, mjadala huu huwa haupati muda wa kuanza. Aliyefariki alfajiri, alasiri keshazikwa. Anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, anabebwa mabegani kwa jeneza ambalo lenyewe hurudi msikitini kumsubiri mwingine, kisha analazwa kwenye mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla, ambayo kwetu iko upande wa kaskazini. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hayapendi maiti ahamishwe kutoka alikofia, isipokuwa akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu. Utaratibu huu unamsitiri maskini sawa na tajiri, na naupenda kwa hilo. Gharama yake huilipa mtoto aliye Mwanza au Mbeya, anayeshuka kwenye basi akakuta udongo umeshashindiliwa.

Wanaosafirisha nao hawakuzua jambo. Yakobo alifia Misri, wanawe wakambeba hadi Kanaani, kwenye pango walimolala Ibrahimu na Isaka. Mifupa ya Yusufu ilitoka Misri pamoja na Musa. Na kwetu Kigoma, maana nami ni mtu wa kuja, kwetu Kibondo, kaburi mara nyingi liko nyumbani, jirani na migomba. Mtoto aliyekulia mjini anaonyeshwa babu kwa kidole: huyu hapa, na yule ndiye baba yake. Kaburi hilo pia ni ushahidi wa ardhi. Ukitokea ugomvi wa mpaka, wazee huanza kwa kuhesabu makaburi. Familia isiyo na kaburi kijijini hujikuta ikiulizwa imetoka wapi. Hata hivyo, kaburi la shambani nalo halina hakika ya milele. Tangu mwaka 1969 tuna sheria inayoiruhusu serikali kuhamisha makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma.

Anayedhani kuzikwa ugenini ni kutupwa, na aitazame historia ya mji huu. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na misafara hadi pwani, na wengi walifia njiani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo huelezwa hivyo: mtani ndiye aliyewajibika kumzika mwenzake aliyekufa mbali na ndugu. Mpaka leo mtani haji msibani kutania tu. Anashika jembe, anachimba, anaingia kaburini. Ugeni ulikuwa umeshapatiwa dawa kabla ya gari la kubebea maiti.

Mji huu huu ulipitiwa na maiti aliyesafirishwa kuliko wote. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza kutoka Uskoti, alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaupaka mwili chumvi, wakaukausha juani, wakaubeba. Walipofika hapa Unyanyembe wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike hapa. Wakakataa. Walifika naye Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa London. Mkewe, Mary, alibaki Shupanga, kando ya Zambezi, alikozikwa mwaka 1862. Uaminifu wa wale watu siwezi kuupunguza hata chembe. Lakini mwaka 1868 Livingstone mwenyewe alikuwa ameandika katika shajara yake, baada ya kuona kaburi porini, kwamba angependa kulala namna ile, kwenye msitu uliotulia, mifupa yake isiguswe.

Hapo ndipo ninapoegemea. Yakobo alibebwa kwa sababu aliwaita wanawe akawaambia kwa kinywa chake. Neno la marehemu litangulie. Lisipokuwepo, azikwe walipo watakaolifyeka kaburi lake. Watoto wa jirani yangu wako Dar es Salaam na Mwanza, Buhigwe hawafiki kila mwaka. La mama yao linafyekwa na akina mama wa jumuiya, na la mzee lingefyekwa na fyekeo lile lile.

Najua neno la mdomo halitoshi. Kenya, wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake alisimama mahakamani akaeleza kwamba mumewe alitaka kuzikwa kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo ukashinda. Alizikwa Siaya, kwenye kijiji cha ukoo wake, mwezi Mei 1987, baada ya miezi mitano mochwari. Neno likishasemwa kwa mke peke yake, ukoo utadai haukulisikia.

Langu nimeliandika ukurasa mmoja. Nakala moja anayo mke wangu, nyingine iko kwa mwenyekiti wa mtaa, na ya tatu nimempelekea kaka yangu Kibondo, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuja na gari. Nilimsomea kwanza kwa simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama pale ubavuni patabaki nafasi ya shemeji yake.