Mwenye shughuli naye akae

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Utrecht alitimiza miaka 60, akanialika kwake. Mwaliko ulitaja saa ya kuja na saa ya kuondoka: saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Mliokaa Uholanzi mnazijua hizi sherehe. Viti vimepangwa duara sebuleni, ukiingia unazunguka kumpa kila mtu mkono na hongera, hadi shemeji wa mwenye siku yake, kisha unakaa unaletewa kahawa na kipande kimoja cha keki. Baadaye hupita sahani ya jibini na soseji. Ilipofika saa 11 watu wakainuka wenyewe wakavaa makoti.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikitoka huko nimenuna, nafika nyumbani nasonga ugali. Safari hii macho yangu yalikuwa kwa mwenye nyumba. Alikaa. Muda wote ule alikaa ndani ya duara, kikombe mkononi, anacheka na dada zake, anakula keki yake. Mumewe na mwanawe wa kiume ndio walioingia na kutoka jikoni. Nilimtazama mpaka machozi yakanilengalenga, maana nilimkumbuka mama.

Mwaka 2019 tulifanya akika ya mwanangu kwetu Ngamiani, Tanga. Mtoto wa kiume, kwa hiyo mbuzi wawili. Tulialika watu 100, mama akasema pimeni mchele wa watu 150, zikaingia kilo 20, kwa sababu shughuli ni watu na kwetu hakuna anayeulizwa kadi mlangoni. Na kweli walikuja. Walikuja wa mtaa wa pili, wakaja watoto wa madrasa, hata kijana wa bajaji aliyeleta viti vya kukodi alivutwa mkono akakalishwa kwenye sinia. Hakuna aliyeondoka na njaa. Hilo najivunia, na huku niliko sijaliona.

Lakini mama alianza usiku wa kuamkia siku hiyo, kumenya thomu na kuchagua mchele. Alfajiri yuko kwenye mbuzi anakuna nazi. Mchana yuko uani kwenye moshi wa kuni. Watu wanakula, yeye anapakua. Watu wanaaga, yeye anatafuta mifuko ya kuwafungia. Saa 4 usiku nilimkuta amesimama kando ya sufuria, kanga imelowa kiunoni, mkono mmoja ameshika kifuniko, mwingine anabandua ukoko anatia mdomoni. Ndicho chakula alichokula siku nzima. Zilipigwa picha zaidi ya 200 siku ile. Mama yumo katika moja tu, na ametupa mgongo.

Najua nitakachoambiwa. "Huyo kishakula jibini sasa anatufundisha." Jamani, nazi nimezikuna na mimi, moshi ule nimeuvuta. "Kwa hiyo unataka tugawe keki kipande kimoja kimoja?" Sitaki. Pilau libaki vilevile, na asiyealikwa aendelee kuja, maana siku sherehe zetu zitakapoanza kuhesabu vichwa mlangoni mimi nitakuwa wa kwanza kulia. "Mama zetu ndiyo furaha yao kuhudumia." Nani aliwauliza? Baba yangu siku ile alikaa mkekani na wageni tangu Adhuhuri mpaka Magharibi, akala, akanywa kahawa na halua, na hakuna aliyesema hajui kupokea watu. Mbona kukaa kwake ni heshima, na mama akikaa ni uvivu?

Na msinitajie umaskini. Tulikuwa na fedha za kukodi turubai, viti na spika kubwa mbili. Fedha ya mpishi ndiyo iliyoonekana ni israfu, kwa sababu mama yupo.

Mwezi wa saba nakuja, na mama anatimiza 70. Tutasoma dua na watu watakula. Nimeshaongea na mpishi wa mtaa wa jirani, anakuja na sufuria zake na vijana wake, malipo nusu kabla, nusu siku ile. Thomu na tangawizi vitasagwa kwa mashine usiku uliotangulia. Kupakua ni kazi ya kaka zangu wawili, kuosha masinia ni ya wanangu, na nimewaandikia hivyo kwenye grupu la familia ili asije mtu akasema hakusikia. Chakula saa 7 baada ya Adhuhuri, na saa 7 ni saa 7. Anayefika saa 10 atakula kilichofunikwa, bila mtu kuwasha kuni upya. Sahani ya mama itapakuliwa ya kwanza.

Juzi nikampigia kumweleza. Nikamwambia, mama, kiti chako kitawekwa chini ya mwembe, pale unapowaona wote wanaoingia. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, sasa nikae nifanye nini?"

Nikamwambia ule. Akanyamaza tena, kisha akaniuliza kama nimekumbuka tambi za watoto.