Madini adimu ya Ngualla: kiwanda kwanza, au mizani kwanza?

Mkataba wa kuchimba madini adimu ya Ngualla, kundi la elementi kama neodimiamu, ulisainiwa Dodoma, Aprili 2023, ila mlima wenyewe uko Songwe. Ni kabonatiti, mwamba wa volkano wenye kaboneti tele, wa ukoo mmoja na lava ya Oldoinyo Lengai. Mvua za miaka mingi zimeyeyusha kaboneti hiyo na kuacha juu tabaka lenye madini adimu mengi. Serikali inamiliki asilimia 16 ya hisa zisizofifishwa, yaani zisizopungua hata mtaji ukiongezwa, katika kampuni ya ubia, Mamba Minerals.

Wanaotaka usafishaji ufanyike nchini wana hoja nzito. Tangu sakata la makinikia ya dhahabu, yaani mchanga wa madini uliosafirishwa nje bila kusafishwa, mwaka 2017, nani asiyejua kwamba anayeuza mchanga huachia wengine faida?

Lakini dhahabu si kipimo kizuri hapa. Elementi za kundi hili zinafanana mno kikemia, hivyo kuzitenganisha huhitaji kupitisha myeyusho kwenye mamia ya hatua, kwa tindikali, maji mengi na umeme usiokatika. (Anayependekeza kiwanda hicho kijengwe Dodoma aanze na maji.) Hata Australia, yenye kabonatiti ya Mount Weld, kwa miaka ilisafirisha makinikia yake hadi Malaysia, na huko ugomvi wa mabaki yenye thoriamu, metali yenye mionzi, haukwisha upesi. China husafisha takriban asilimia 90 ya madini haya duniani. Bei ya neodimiamu ilipaa mwanzoni mwa 2022, kisha ikaporomoka. Kiwanda kinachotegemea mgodi mmoja kingeyumba.

Kwa hiyo sioni haraka ya kiwanda kamili. Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Mwaka 2025 Shenghe ya China, ambayo tayari ilikuwa na mkataba wa kununua makinikia ya Ngualla, iliinunua Peak, mbia wetu wa Australia katika Mamba Minerals. Sasa muuzaji na mnunuzi wanalala nyumba moja, na bei ikipangwa chini, asilimia 16 yetu nayo inanywea.

Thamani ya makinikia haimo kwenye tani. Elementi za seriamu na lanthanamu ndizo nyingi, na bei yake ni ya chini. Fedha iko kwenye neodimiamu na praseodimiamu za sumaku za magari ya umeme. Tume ya Madini na GST, taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini, zote ziko hapa Dodoma. Zipewe vifaa na wakemia wa kupima kila shehena, elementi kwa elementi, kabla meli haijapakia, na bei ilinganishwe na ya soko la siku hiyo.