Mbwa wa Kazi Anastahili Kuagwa

Mwezi Juni 2016, katika jimbo la Texas nchini Marekani, wazima moto walijipanga pande mbili za njia iendayo kwenye kliniki ya wanyama na kupiga saluti wakati mbwa jike mzee aitwaye Bretagne akipita katikati yao kwenda kuchomwa sindano ya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 16. Mwaka 2001, akiwa bado mbichi kazini, alipelekwa New York pamoja na mwongozaji wake kutafuta watu chini ya vifusi vya World Trade Center, majengo yaliyoangushwa na magaidi Septemba 11, na inaaminika kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kubaki hai kati ya mbwa waliofanya kazi hiyo. Alipotolewa nje, mwili wake ulikuwa umefunikwa bendera.

Najua kwamba wengi wetu tukisoma habari kama hiyo tunaguna. Huku kwetu jina la mbwa ni tusi, na mtu akionekana akimlilia mbwa, majirani huanza kujiuliza kama ana akili timamu. Mimi naiona heshima ile ya Texas kuwa haki tupu, tena naamini kwamba mbwa aliyetumikishwa na binadamu, awe wa polisi, wa hifadhi au wa kuchunga ng'ombe, ana deni analotudai, na deni hilo hulipwa zaidi katika miezi yake ya mwisho kuliko wakati mwingine wowote. Anapokuwa na nguvu tunamlisha kwa sababu tunamhitaji. Ni pale miguu ya nyuma inapolegea ndipo inapojulikana kama tulikuwa na utu naye au tulikuwa na matumizi naye tu.

Historia inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda pale deni hilo linapokataliwa. Katika vita vya Vietnam, jeshi la Marekani lilitumia mbwa wapatao 4,000 kulinda kambi, kufuata nyayo na kugundua mitego iliyofichwa porini. Askari wengi walirudi kwao wakiwa hai kwa sababu mbwa alisimama ghafla njiani na kukataa kusonga mbele. Vita vilipofikia mwisho, mbwa waliorudishwa nyumbani walikuwa kama 200 tu, kwa kuwa katika vitabu vya jeshi walihesabiwa kuwa vifaa, na kifaa kilichochakaa hakikatiwi nafasi ya ndege. Wengine waliachiwa jeshi la Vietnam ya Kusini na wengine waliuawa. Wapo waongozaji waliobeba uchungu huo hadi uzeeni, wakisimulia kwamba waliamriwa kufungua mnyororo, kumkabidhi mwenzao kwa mtu mwingine na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Ilipita zaidi ya miaka 25 kabla ya sheria kubadilika. Mwaka 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayoruhusu mbwa wa jeshi waliostaafu kuchukuliwa na waliokuwa waongozaji wao, au na watu wengine wenye uwezo wa kuwatunza. Sheria hiyo ilipewa jina la Robby, mbwa ambaye mwongozaji wake aliomba kwenda naye nyumbani akakataliwa. Robby mwenyewe hakunufaika nayo, maana kufikia wakati huo alikuwa amedhoofika mno na maisha yake yakaishia mikononi mwa jeshi. Kila ninapolikumbuka jambo hili nasononeka, kwa sababu kilichoombwa hakikuwa fedha wala cheo. Mtu mmoja alitaka kumlaza rafiki yake mzee kwenye baraza ya nyumba yake.

Kuna waliofanya vizuri zaidi. Jeshi la majini la Mexico lilikuwa na mbwa jike aina ya Labrador aitwaye Frida, aliyejulikana duniani kote baada ya tetemeko la Septemba 2017 kwa miwani yake na viatu vidogo vya kumkinga dhidi ya vioo na saruji. Katika utumishi wake aliwafikia watu 12 wakiwa hai chini ya vifusi. Mwaka 2019 alistaafishwa kwa hafla rasmi, akabaki akitunzwa na jeshi lilelile mpaka alipofariki mwaka 2022. Miezi michache baadaye, mbwa mwingine wa Mexico, Proteo, alifia kazini nchini Uturuki, alikokwenda na wenzake kutafuta manusura wa tetemeko la Februari 2023. Mwili wake ulirudishwa nyumbani, naye akaagwa na askari waliovaa sare zao kamili.

Narudi kwetu, ambako wazo hili halina ugeni kama tunavyodhani. Katika Kurani, sura ya Al-Kahf, vijana walioikimbilia dini yao pangoni wanatajwa pamoja na mbwa wao aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na kila wanapohesabiwa, mbwa naye anahesabiwa. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, yenye kutahadhari sana kuhusu najisi ya mbwa ndiyo hiyohiyo inayomruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa mawindo. Waislamu wanaijua pia hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kwa hiyo anayesema kwamba dini inatutaka tuwe wakatili kwa mbwa ameokota maneno njiani.

Wafugaji nao wanajua thamani ya mbwa bila kufundishwa na mtu. Nimekulia katika boma la ng'ombe na mbuzi, na mbwa wetu, Popi, ndiye aliyekuwa akitupa taarifa fisi anaposogelea zizi, muda mrefu kabla ya sisi kusikia chochote. Alipozeeka macho yake yaliingia ukungu na masikio yakaziba, lakini kila jioni aliendelea kujikokota hadi mlangoni mwa zizi na kulala palepale alipokuwa akilala enzi za ujana wake. Baba hakumfukuza wala hakumwacha ajitafutie. Alimpikia uji wa dona uliolainishwa kwa maziwa kwa sababu meno yalikuwa yamekwisha, na siku Popi aliposhindwa kabisa kusimama, alimwita daktari wa mifugo, akakaa chini na kukishika kichwa chake mpaka mwisho. Kisha alimchimbia kaburi lenye kina cha kutosha ili fisi wasimfukue. Kuna jirani aliyemwambia, "Mzee mwenzangu, huyo si angetupwa korongoni tu?" Baba alimjibu, "Huyu amekesha ili mimi nilale," akaendelea kuchimba.

Nataka kusema wazi kuhusu ile sindano, maana watu wengi huiogopa au huiona kuwa mambo ya wenye fedha. Daktari humpa mnyama dawa ya nusukaputi kwa kiwango kikubwa kupitia mshipa, naye hupoteza fahamu kwa muda mfupi sana, kabla ya pumzi na moyo kusimama. Hasikii maumivu ya kufa. Ukilinganisha na rungu, risasi iliyokosea shabaha au sumu inayomtupatupa mnyama kwa degedege, hakuna mjadala. Mwenye mbwa abaki naye chumbani iwapo moyo unamruhusu, kwa sababu mbwa aliyefanya kazi maisha yake yote humtafuta mtu wake kwa harufu hata pale macho yasipoona.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nijishughulishe na mbwa ilhali kuna watoto wanaolala na njaa. Swali hilo lina uzito, nami silibezi. Hata hivyo, sijaona mtoto aliyeshiba kwa sababu mbwa mzee alinyimwa uji wake, na sijaona mtu mwenye huruma kwa mnyama aliyemtumikia ambaye huruma hiyo ilimpungukia alipokutana na binadamu. Msemo wa punda afe mzigo ufike umeshatuzoeza vya kutosha kuwaona wanaotubebea mizigo kuwa ni wa kutumika na kuachwa, na msemo huo haukuishia kwa wanyama.

Hivi sasa suala hili limefika mlangoni kwetu. Tangu mwaka 2014 Shirika la Wanyamapori la Afrika limekuwa likifundisha mbwa na askari huko Usa River, karibu na Arusha, na mbwa hao wamefanya kazi ya kunusa pembe za ndovu na za faru katika bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki, ikiwemo bandari ya Mombasa. Polisi wana vikosi vyao vya mbwa, na hifadhi kadhaa zina mbwa wa kufuata nyayo za majangili. Mbwa mkubwa huanza kuchoka kazini akikaribia miaka 8 au 9, na ni wachache wanaovuka miaka 13. Kizazi kile cha kwanza kimekwisha kuzeeka au kuondoka, na kinachofuata kinakaribia.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kinga dhidi ya ukatili ni mwanzo mzuri. Ninachoomba kwa taasisi zote zinazotumia mbwa ni kwamba siku mbwa anapokabidhiwa kazi, hati yake iandike pia nani atamchukua atakapostaafu, mwongozaji wake akiwa wa kwanza kuulizwa. Bajeti itenge chakula na matibabu yake ya uzeeni. Na siku ya mwisho ikifika, mwongozaji huyo apewe ruhusa ya kutoka kazini ili awe naye, hata kama amehamishiwa kituo cha mbali.