Maelezo yalibandikwa kwenye picha, yakafika nayo

Picha ya mafuriko inaingia kwenye simu yako. Ya wapi? Ya lini? Aliyekutumia hajui, na aliyemtumia yeye hajui pia. Huenda mpiga picha aliandika kila kitu, mahali, tarehe na majina, akakihifadhi ndani ya faili lenyewe kama metadata. Lakini picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaibana upya na maelezo yale yanaachwa njiani. Kwa jambo hili moja naona tumerudi nyuma ya mitambo ya faksi iliyopeleka picha za habari kwa waya wa simu.

Tarehe 1 Januari 1935 shirika la habari la Marekani, Associated Press (AP), lilianzisha Wirephoto, huduma yake ya kupeleka picha kwa waya. Picha ya kwanza ilionyesha mabaki ya ndege iliyoanguka kwenye milima ya Adirondack, jimbo la New York. AP hawakuwa wa kwanza. Arthur Korn wa Ujerumani alikwisha kuunganisha Berlin na Paris mwaka 1907, na Mfaransa Édouard Belin alikuwa na mtambo wake. Kampuni ya simu ya AT&T ilifungua huduma ya namna hiyo mwaka 1925, ikaifunga 1933. AP wao walikodi laini zao wenyewe, na magazeti yote yaliyounganishwa yakawa yanapokea picha ileile kwa wakati uleule.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Picha iliyokwisha kusafishwa inazungushiwa silinda na kubanwa. Silinda inazunguka, doa dogo la mwanga linaipiga picha, na mwanga unaorudi unaingia kwenye fotoseli, kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Peupe panarudisha mwanga mwingi, peusi kidogo, na tofauti hiyo inapandisha na kushusha nguvu ya toni, yaani mlio, inayopita kwenye laini ya simu. Mzunguko mmoja ni mstari mmoja, kisha doa linasogea kwa upana wa mstari. Upande wa pili kuna silinda nyingine ndani ya boksi lisilopenya mwanga, imevaa filamu au karatasi ya picha, na taa inayofuata ile toni inaiandika mstari kwa mstari. Kisha inaingia chumba cha giza.

AP waliendesha mizunguko 100 kwa dakika na mistari 100 kwa inchi, yaani inchi moja kwa dakika. Picha ya inchi 10 ilishika laini dakika 10. Kiwango cha kimataifa kilikuwa cha polepole zaidi: silinda yenye kipenyo cha milimita 66, mizunguko 60 kwa dakika, mistari 5.33 kwa milimita. Piga hesabu: picha ya milimita 180 ni mistari 960, dakika 16.

Dakika 16 ni muda wa kutosha kwa mambo kuharibika. Mota mbili, moja kila mji, lazima ziende sawasawa bila waya wa kuzifunga pamoja, ndiyo maana mwendo wake uliongozwa na uma wa sauti, chuma chenye meno mawili kinachotetemeka kwa kasi isiyobadilika. Zikipishana sehemu moja tu kwa 100,000, mwishoni picha imelala upande kwa milimita 2. Zikienda sawa lakini zikaanza kwa nyakati tofauti, pale karatasi ilipobanwa patatokea katikati ya picha, nusu ya uso wa waziri kushoto na nusu kulia. Kwa hiyo kabla ya kuanza ilipelekwa ishara ya kupanga mwanzo wa mzunguko. Mlio mfupi kwenye laini unaacha mchirizi. Nguvu ya laini ikishuka ghafla, mbingu inapata ukanda wa kijivu. Na opereta wa simu akiingilia kuuliza kama mmemaliza kuongea, sauti yake inachorwa palepale kwenye picha.

Ujanja wa kazi ulianza kabla ya kutuma. Uso wenye urefu wa milimita 5 ulipata mistari 27 tu, jicho halionekani, basi picha ilikatwa karibu na watu. Ilisafishwa pia ikiwa na ukali mdogo, yaani tofauti ndogo kati ya weusi na weupe, kwa kuwa njia nzima hadi gazetini iliongeza ukali.

Sasa maelezo, au kapsheni kama wanavyosema vyumba vya habari. Yalipigwa taipureta kwenye kipande cha karatasi, kikabandikwa ukingoni mwa picha, vyote vikaviringishwa kwenye silinda moja. Herufi kubwa ya milimita 2.5 ilipata mistari 13, inasomeka vizuri. Mtambo haukujua kipi ni picha na kipi ni maneno, ulisoma weusi na weupe tu. Ndiyo maana nakala ya zamani ukiikuta leo, mara nyingi bado ina tarehe na mji chini yake.

Utasema ukanda ule ulikatwa kwa mkasi kirahisi. Kweli, na maelezo ya uongo nayo yalipita kwenye waya bila shida. Ila aliyeyaondoa alilazimika kuyakata kwa makusudi. Leo hakuna anayekata, yanadondoka yenyewe.

Kwa hiyo chumba cha habari kinachorusha picha kwenye makundi ya simu kisitegemee metadata peke yake. Ongeza ukanda mweupe chini ya picha, nje ya fremu ili usifunike kitu, uandike mambo manne: tukio, mahali, tarehe kamili pamoja na mwaka, na jina la mpiga picha. Acha maneno kama “leo” na “jana”, yanaoza usiku huohuo. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 ipe herufi zisizopungua pikseli 28, wino mweusi. Jitumie kwanza mwenyewe, uifungue kwenye simu ya skrini ndogo bila kuikuza kwa vidole. Maandishi yakisomeka, irushe.